Niillas Akaa Kiti cha Mgeni

Kwa viangazi arobaini na kimoja Niillas alipiga makasia katika mto Teno, ambao ng'ambo yake ni Norwei, na hakuwahi kumvulia mgeni yeyote samaki. Ndiyo kazi yenyewe. Mgeni kutoka kusini huketi nyuma ya mashua na kofia yake ya bei mbaya, fito za kuvulia zimemzunguka, naye mpiga makasia huivusha mashua ukingo hadi ukingo, akiiachia irudi na maji kidogo kidogo, mpaka chambo cha mti kipite mbele ya pua ya samoni. Samoni akinasa, mgeni hupigwa picha. Niillas alikuwa amepiga picha nyingi.

Machi ile alipasuliwa bega, na daktari akamkataza kugusa kasia mpaka theluji ianguke tena. Nimewahi kusoma hukumu za mahakama zenye huruma zaidi.

Barafu ilipoondoka mtoni akawa hatulii. Alishuka ukingoni, akarudi, akaonja kahawa, akashuka tena. Akiwa mezani miguu yake iliusukuma mguu wa meza kama inavyosukuma ubao wa mashua, hata siku moja mkewe, Elle, akalazimika kuifuata supu yake.

“Niillas, tumeshafika Norwei,” alisema. “Turudishe.”

Binti yao, Risten, muuguzi huko Oulu, alichukua likizo ili awapeleke wageni yeye. Wa kwanza, daktari wa meno kutoka Turku anayekuja kila mwaka, alitarajiwa Jumanne. Risten alifanya mazoezi siku nne, na siku zote nne baba yake alimwelekeza kutoka ukingoni kwa sauti iliyowatoa bata majini. Siku ya tano akamshikia mashua.

“Panda, baba. Kiti cha mgeni. Kutoka kwenye maporomoko hadi Jiwe la Kasisi, usinielekeze. Ukiweza, nabaki mpaka Agosti. Ukishindwa, Jumatatu kuna basi.”

“Mgeni huwa anaongea nini?”

“Mvua. Na mshahara wake.”

“Mimi sina mshahara.”

“Basi mvua.”

Niillas akapanda. Alishika magoti yake mwenyewe ili mikono iwe na kazi. Mbu walimtafuna shingo, na ilionekana kama anawashukuru. Nusu saa nzima hakusema neno. Kisha Jiwe la Kasisi likatokea, na Risten akaielekeza mashua kushoto, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kumpeleka mgeni.

“Naona mvua itanyesha,” alisema Niillas kwa shida. “Upande wa kulia wa jiwe.”

“Baba.”

“Nazungumzia mvua.”

Hapo kigurudumu cha mshipi kikalia. Ufito wa kati ukapinda mpaka majini. Kitu kizito kama kondoo kiligeuka chini ya maji na kuondoka na mshipi. Mgeni yeyote, hata hakimu mmoja aliyekuwa akilala mashuani, angejua la kufanya: kushika ufito. Niillas aliruka akashika makasia.

Mikono minne kwenye makasia mawili. Bega likamchoma, mashua ikalala ubavu, mshipi ukapita chini yake, ukalegea. Kigurudumu kikanyamaza. Risten alimtazama baba yake mpaka akaachia, kidole kimoja kimoja.

Ukingoni mzee Ovlla, mpiga makasia mwenzake, alikuwa ameona yote na alitaka kuyasikia tena.

“Nani kampoteza huyo samoni?”

“Ndoana ilikuwa mbovu,” alisema Risten.

Niillas akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Ndilo neno ambalo mpiga makasia humwambia mgeni aliyeharibu, ili aweze kurudi kwao bila aibu. Yeye mwenyewe alikuwa amelisema viangazi arobaini na kimoja, wala hakuna aliyewahi kumwambia yeye.

Njiani kuelekea nyumbani aliuliza, “Ule upande wa kushoto umeujua lini?”

“Nikiwa na miaka kumi. Nilikwambia. Ukaniambia nitoe maji mashuani.”

Jumapili yote Risten alipanga nguo zake, na Elle akazipangua. Jumatatu asubuhi Niillas alisimama kituoni na begi, nyama kavu na jibini la kutia kwenye kahawa.

“Unakwenda wapi?” aliuliza Risten, begi lake likiwa mkononi.

“Kwa shangazi yako, huko Inari. Mpaka Agosti.”

“Nilisema mimi ndiye ningeondoka.”

“Wewe una mgeni kesho. Mimi nimeshajaribu kukaa, umeniona.” Akapanda basi. “Chambo chekundu kiko chini ya kitanda.”

Dereva alinieleza baadaye kwamba abiria mmoja aliomba kuhamishwa kabla ya kona ya tatu, kwa sababu mtu wa kiti cha nyuma yake alikuwa akimsukuma mgongoni kwa miguu, taratibu, bila kukosea pigo. Kila basi liliposimama, mtu huyo alishuka kumpigia Risten simu kuuliza maji yamepanda kiasi gani. Risten aliiacha simu ilie. Alikuwa mtoni.