Kopo Lenye Picha ya Ng'ombe

Mama aliolewa na Mwislamu, akasilimu; mdogo wake akabaki Mkatoliki kule mlimani. Dini haikuwahi kuwatenganisha kwenye chakula. Mama mdogo alikuwa na sufuria ya wageni Waislamu, isiyogusa nguruwe, na kila sherehe alimwita jirani Mwislamu achinje mbuzi ili wote tule. Ndivyo tulivyoishi Uluguru, na nilidhani ndivyo tutakavyokufa.

Kisha biashara ikaachiwa huria, maduka ya Morogoro yakafurika vitu vya nje. Kwenye kipaimara cha mwanawe, mama mdogo alitaka kutukirimu kisasa. Mbali na mbuzi, akanunua soseji za kopo, maandishi yake hayasomeki, picha yake ng'ombe. Akazipika kwenye sufuria ileile ya wageni. Tukala, tukasifia. Haikupita wiki, mtaa wetu mzima wa Bigwa ukawa unasema mama kalishwa nguruwe na mdogo wake. Watu wana midomo!

Mama akanifuata maabara nilikokuwa nafanya kazi, na kopo moja lililobaki kwenye sherehe, kalifunga kwenye khanga.

"Pima, mwanangu. Mdogo wangu asisemwe bure."

Nilipima nikiwa na hakika ya kumsafisha. Kipimo chetu kilikuwa na kingamwili zinazonasa protini ya nguruwe tu. Zikiipata, rangi hugeuka. Nyama ya ng'ombe niliyoiweka kulinganisha haikubadilika. Ya kopo ikawa bluu. Nikarudia, nikiomba niwe nimekosea. Bluu tena. Nilimchukia aliyemchora yule ng'ombe, na bado namchukia.

Nilimwambia mama ukweli. Sheikh wa mtaani akamtuliza kwamba asiyejua hana dhambi, na mama akapanda mlima nami kumwambia mdogo wake kuwa yamekwisha.

Mama mdogo alisikiliza, macho chini.

"Mbuzi namwona akichinjwa, dada. Ya kopo nitaijuaje?"

"Nitakuwa nakupimia, mama mdogo," nikadakia.

"Utapima jiko langu mpaka lini?"

Elimu yangu yote ilikuwa imeishia kwenye ile rangi.

Krismasi tukapanda kama kawaida. Jiko lilikuwa limepoa. Mama mdogo alitutandikia mkeka, akatuletea soda zenye vizibo na ndizi mbivu na maganda yake, tumenye wenyewe. Mama alimenya moja, akashindwa kuila.