Mfuko Wenye Uzi Mwekundu

Mume wangu alikuwa fundi wa bunduki kwenye ofisi ya askari wa wanyama, na mimi nilikuwa fundi wa mifuko. Kazi yangu haikuwa na mshahara, lakini bila mimi yeye asingefanya yake. Ukitaka kujua kama risasi ni nzuri, huwezi kushika bunduki kwa mikono peke yake. Mikono inatetemeka, na mwisho hujui kama kosa ni la risasi au ni la mtu. Lazima uilaze bunduki juu ya mifuko ya mchanga, mmoja mbele na mmoja nyuma chini ya kitako, itulie kama mtoto aliyeshiba. Ile mifuko nilishona mimi, kwa suruali kuukuu za kaki za askari. Mguu mmoja wa suruali, mfuko mmoja. Mchanga tulitoa Ggaba, kando ya ziwa, nikauanika juani, nikauchekecha kama unga wa uji.

Ilikuwa ile miaka ya serikali ya wanajeshi, na maduka yalikuwa matupu. Hakuna sabuni, hakuna chumvi, hakuna sukari. Risasi pia hakuna. Watoto wangu wanacheka nikisema hivyo, wanadhani risasi ndiyo kitu pekee kilikuwa tele Kampala. Za wanajeshi, ndiyo. Lakini bunduki za askari wa wanyama zilikuwa za zamani, za aina nyingine, na risasi zake zilikuwa zinatoka ng'ambo, na ng'ambo walikuwa hawaleti tena. Zile chache zilizobaki stoo zilikuwa zimezeeka. Kiboko anatoka ziwani usiku, anamaliza viazi vya watu, asubuhi askari anampiga, risasi inakwenda kwenye mgomba. Kiboko anamtazama tu, kama mgeni aliyekosewa adabu.

Sasa, mume wangu alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwa Mhindi mmoja mwenye duka la bunduki mjini. Siku Mhindi alipofukuzwa pamoja na wenzake, alimwachia mashine ndogo ya mkono, mizani, na baruti ya kutosha. Ofisi ikamchukua mume wangu pamoja na mashine yake. Alikuwa anaokota maganda ya risasi zilizokwisha pigwa, anayasafisha, anaweka fataki mpya ya kuwashia, anapima baruti, halafu anakaza risasi mdomoni mwa ganda. Shida iko kwenye kupima. Ukipunguza baruti, risasi inachoka njiani. Ukizidisha, inatawanyika, na bunduki inaweza kukudhuru. Alikuwa ananiambia, "Mama watoto, bunduki ni kama mtu na chumvi. Kila moja ina kipimo chake inachopenda. Huwezi kujua mpaka uipe ionje."

Kwa hiyo alitengeneza vipimo vitatu, na kila kimoja akakiweka kwenye kopo lake kutoka jikoni kwangu: kopo la maziwa, kopo la kakao na kopo la majani ya chai. Nyumbani tukawa tunasema risasi za maziwa, risasi za kakao, risasi za majani, na mtu akipita dirishani anadhani tunapanga chakula. Yeye moyo wake ulikuwa kwa zile za majani.

Halafu ofisi ikaletewa mkubwa mpya, kapteni kutoka jeshini, mtu wa kaskazini, mrefu, sauti kama ngoma. Siku ya kwanza tu alimwita mume wangu.

"Mzee, nasikia wewe iko natengeneza risasi na mashine ya Muhindi."

"Ndiyo, afande."

"Jumamosi mimi nakuja kuona na macho yangu. Kama inapiga pahali moja, wewe nabaki hapa na mashine yako. Kama inatawanya, mashine natupa, na wewe nakwenda Karamoja kulinda geti."

Mume wangu alirudi nyumbani akakaa bila kuvua viatu. Karamoja ni mbali sana na kwetu, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya ofisi. Binti yetu mkubwa alikuwa karibu kuolewa. Nilimwambia, "Mungu aliyekupa mkono wa kupima hatauacha Jumamosi." Akavua viatu, akala.

Hiyo harusi sasa. Mama wa bibi harusi akikosa chai tamu, wakwe watasema mpaka wajukuu wasikie. Kulikuwa na mama mmoja Mkongo, mfanyabiashara, alipata sukari upande wa Port Bell, kule bandarini, usiniulize kwa nani. Aliniletea mgongoni, amefunga na leso kama mtoto, na njiani alikuwa anaipigapiga na kuibembeleza. Mlangoni kwangu akaniambia, "Mama, mtoto huyu mzito, mshike!" Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Lakini baada ya kucheka ikawa lazima kuificha. Siku zile kukutwa na sukari nyingi ni kuitwa mlanguzi, na ilikuwa kesi mbaya kuliko kukutwa na bunduki. Wanajeshi wa kambi ya Makindye walikuwa wanaingia nyumba kwa nyumba, wanatazama mpaka chini ya kitanda cha mgonjwa. Nilipotaka kumwambia mume wangu mahali nitaiweka, aliziba masikio. "Usiniambie! Wakiniuliza, nataka kuwa mjinga wa kweli."

Basi nikachukua mguu mmoja wa suruali ya kaki, nikaujaza sukari, nikaushona. Mifuko mingine niliishona na uzi mweusi, huu nikaushona na uzi mwekundu nisiusahau, nikauweka kwenye kona ya baraza pamoja na wenzake. Nani atapekua mchanga?

Ile Jumamosi haikufika. Alhamisi asubuhi, wakati mimi niko kanisani kwenye sala ya akina mama, kapteni alituma lori: anataka kuona leo, sasa hivi. Mume wangu akabeba bunduki, makopo yake matatu, na mifuko miwili ya kwanza aliyoishika. Mimi nilirudi nikakuta baraza ina pengo. Nilihesabu ile mifuko kwa macho, nikatafuta uzi mwekundu. Hakuna. Nikarudia, kama vile sukari itaona huruma irudi. Nikachukua birika la chai na bakuli langu la gundi ya muhogo, ile ya kubandika karatasi za shabaha, ili niwe na sababu ya kufika, nikashuka mteremko mbio. Mwanamke mzima, na leso ya kanisani kichwani.

Uwanja wa shabaha ulikuwa chini ya kilima, mbele kuna ukuta wa udongo na nyuma unasikia harufu ya ziwa. Nilipofika walikuwa wamekwisha anza. Mume wangu amelala kifudifudi, kitako cha bunduki kiko juu ya mfuko, na kwenye mshono wa ule mfuko uzi mwekundu unang'aa kama jeraha.

Alikuwa amepiga tano za majani, zile alizozipenda. Askari wa shabaha, mzee mmoja mcheshi aliyekuwa anakaa shimoni chini ya ukuta, alikuja na karatasi mkononi anakuna kichwa.

"Afande, moja iko hapa juu. Ingine hapa kwa pembe. Hii mbili iko kama imegombana. Ya tano..." Akageuza karatasi, akatazama nyuma. "Ya tano labda nakuja kesho."

Kapteni hakucheka. "Mzee, wewe nalenga ama napanda mtama?"

Mume wangu akajaribu za maziwa. Yale yale. Nilikuwa namwona jasho linamtoka shingoni. Mimi nilijua anachokosa. Mchanga ni mzito, unakaa. Sukari ni nyepesi, na mimi sikuijaza ikakaza, niliogopa mshono utapasuka. Kila risasi ikitoka, kitako kinarudi, mfuko unateleza na kukaa upya. Bunduki haikuwa na kosa, baruti haikuwa na kosa. Yeye akawa anaitazama mizani moyoni, anajiuliza amekosea wapi, na jibu lilikuwa chini ya mkono wake.

Kapteni akasema, "Inatosha. Mimi nimeona."

Nilisimama na birika mkononi. Nikinyamaza, sukari iko salama, na mume wangu anakwenda Karamoja akiamini kwamba mkono wake umekufa. Nikisema, sijui kitakachotokea. Niliomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba, nilisema "Baba" tu, halafu nikaweka birika chini.

"Afande, nisamehe. Ule mfuko si wa kupigia bunduki."

Akageuka polepole. "Wewe nani?"

"Mke wa fundi. Mimi nashona mifuko. Ule niliushona kwa kazi nyingine."

"Kazi gani, mama?"

Kudanganya sikuweza, na kusema yote sikuthubutu. Nikasema, "Ya harusi ya binti yangu."

Mume wangu, bado amelala chini, alitazama ule mfuko, akatazama uzi, akafunga macho. Yule mjinga wa kweli alikuwa amekwisha kujua.

Kapteni aliinama, akauinua mfuko kwa mkono mmoja. Akaupima, juu, chini. Sisimizi wakaanza kupanda mkono wake, mstari mmoja mzuri, kama wanakwenda sokoni. Aliwatazama. Askari wote waliokuwepo walikuta kitu cha kutazama angani.

"Mama," akasema, "hiyo birika iko na nini?"

"Chai, afande."

"Iko na sukari?"

"Hapana, afande. Kavu."

"Kavu!" Akapuliza sisimizi wakaanguka. "Mimi nakunywa chai kavu tangu mwezi ule, na bunduki ya ofisi yangu iko nalala juu ya..." Mabega yakaanza kumtikisika, na ile sauti ya ngoma ikatoka, kicheko cha kufukuza ndege. "Mimi nimekuja hapa kukamata risasi mbaya. Kukamata harusi, hapana! Toa hii. Leta mchanga."

Nilikimbilia pembeni na ule mfuko kifuani kama yule mama Mkongo. Askari wa shabaha alinivulia koti lake, tukafunga mikono ya koti, tukajaza mchanga wa chini ya ukuta, nikakaza mpaka vidole vikauma. Nilibandika karatasi mpya mwenyewe na gundi yangu, nikairekebisha isikunjike hata kidogo.

Mume wangu alirudi kwenye majani. Safari hii bunduki ilikaa. Alipiga, akangoja ipoe, akapiga. Mimi nilikuwa naimba wimbo wa kanisani kwa ndani, mdomo umefungwa, ubeti mmoja kila risasi. Baada ya tano, yule mzee wa shimoni hakuja anatembea, alikuja mbio, karatasi inapepea.

"Afande, zimelala kitanda kimoja!"

Kapteni alitandaza karatasi juu ya boneti ya lori. Alimaliza chai yake, ile kavu aliyojimiminia kutoka birika langu, akageuza kikombe juu chini, akakiweka juu ya matundu. Matundu yote matano yakapotea chini ya kikombe. Akakiinua, akakirudisha, kama mtoto na mchezo mpya. Kikombe kiliacha duara la chai kwenye karatasi, na ndani ya duara risasi zote za mume wangu.

"Wewe nabaki," akamwambia. "Na hiyo kopo ya majani, tengeneza mingi." Halafu akaninyooshea kikombe. "Mama, jaza. Lakini safari hii, tia harusi kidogo."

Nilikata uzi mwekundu kwa meno. Wakaja wote na vikombe, na yule mzee na kifuniko cha chupa kwa sababu hakuwa na kikombe, na kapteni anawasimamia kwa ukali, "Kijiko moja! Moja! Nyinyi nataka bibi harusi alie?" Mume wangu alikunywa amekaa kwenye nyasi, amevua viatu.

Iliyobaki ilitosha. Siku ya harusi, mama mkwe wa binti yangu alionja chai, akafumba macho, akaonja tena. "Nnyabo, mama, hiki kiungo ni kipi? Si tangawizi, si iliki."

Mimi nilijua. Mafuta ya bunduki, yaliyoingia kwenye kaki siku ile uwanjani.

"Kinatoka kwenye kazi ya mume wangu," nilimjibu, na sikusema uongo. Akaomba kikombe cha pili.