Mguu wa Mgeni Wangu

Baiskeli ya mume wangu kengele yake ilikufa zamani, kwa hiyo kengele akawa yeye mwenyewe. Akitoka Naipingo kumwona dada yake, mimi niko nyuma ya nyumba hapa Nkowe nabangua korosho, namsikia toka kule barabarani: "Krii, krii, mwenyeji, krii."

Mwenyeji ndiyo mimi. Kwetu mwanaume ndiye anahamia kwa mke. Alikuja na ile baiskeli, redio na shuka mbili, akakuta mikorosho ya mama yangu, akashika jembe. Toka siku hiyo mpaka tumezeeka namwita mgeni. Nikimwekea ugali namwambia ale, asije akaenda kusema kwao kwamba huku hatupiki. Naye anaweka mkono kifuani, kama mtu aliyeingia leo: "Ahsante mwenyeji, sitakaa sana."

Siku moja alikuwa anarudi kutoka Naipingo, fuso ya ufuta ikakwepa shimo, ikamkuta yeye. Mguu wa kulia ukavunjika kwenye goti. Hospitali wakamfunga lile plasta gumu watu wanaloliita hogo. Halafu sisi na ujuaji wetu tukamtoa kabla ya siku zake, tukampeleka kwa mzee mmoja anayeunga mifupa. Tukamlipa jogoo na mbaazi. Mguu ukaunga, lakini ukaunga umenyooka kama mpini. Haukunjiki. Daktari akatuambia taratibu, unajua wanavyosema wao, kama anabembeleza mtoto: "Bibi, huu unatakiwa upasuliwe hospitali kubwa, uwekwe chuma. Ukiwekwa chuma, anaweza akapanda tena baiskeli."

Mimi hapo nikasikia neno moja tu, baiskeli.

Askari wa barabarani akasema gari lina bima, tudai. Basi, Nkowe nzima wakawa mahakimu. Jirani yangu, yule anayeongea kama ana kiazi cha moto mdomoni, akaapa kuna mtu Ruangwa kapoteza kidole gumba tu, kajenga nyumba ya bati. Mume wangu akautazama mguu wake, akahesabu vidole. "Basi mimi hapa nina kijiji kizima."

Tukakodi pikapu mpaka Nachingwea, kwa bwana wa bima. Shati limenyooka, maneno anayatolea puani. Nikamuuliza, mguu kisheria bei gani? "Inategemeaaa, mama." Kila nikiuliza, inategemea. Akasema sheria haina bei ya mguu iliyobandikwa ukutani kama buchani. Wanaangalia mmetumia kiasi gani, kwa risiti. Wanaangalia daktari kaandika ulemavu wa namna gani. Halafu wanaangalia mtu alikuwa anaingiza nini kabla ya kuumia, sasa hawezi.

Risiti za hospitali tulikuwa nazo chache. Ya mwunga mifupa akaiulizia, nikamwambia jogoo hatoi risiti. Tukacheka. Na mimi nikichekewa, basi tena, mdomo haurudi.

Akachukua karatasi za korosho tulizokuja nazo, zile za mauzo ya chama cha msingi, akazifunua moja moja. Zote jina langu, maana shamba ni la mama yangu. Akamtazama mume wangu, akauliza, "Huyu mzee ana shamba?"

Mume wangu akafungua mdomo. Mimi nikamuwahi.

"Huyu? Huyu hana hata mti mmoja. Mgeni wangu tu huyu, kaja na baiskeli." Nikaweka na mkono kifuani, nikatoa sauti yake: "Ahsante mwenyeji, sitakaa sana."

Mume wangu akacheka mpaka akaushika mguu. Bwana wa bima naye kacheka, huku anaandika. Kalamu niliiona. Mimi kusoma sijui, nikajua anaandika habari za jogoo.

Ilipokuja hela tukaitwa, akatutajia kiasi, tukatia dole gumba. Nyumbani ndiyo mtoto wa jirani akatusomea ile karatasi: mzee hana shughuli ya kumwingizia kipato. Ile hela ikalipa deni la hospitali na pikapu, ikabaki ya fimbo. Ya chuma haikuwepo.

Nilirudi Nachingwea peke yangu. Siku hiyo sikuigiza mtu. Nikamwambia yule bwana, "Mikorosho ni ya mama yangu, lakini kuipulizia salfa ni yeye, kufyekea ni yeye, kubeba magunia ni yeye. Mimi kazi yangu kutia dole tu."

Akasema, sasa bila kutolea puani, "Mama, maneno haya ungeyasema siku ile. Mmeshapokea, mmeshakubali kwamba mmeridhika." Akasema njia iliyobaki ni kutafuta mwanasheria atazame kama inafunguka tena. Nilipomweleza mume wangu, akasema wanasheria nao watauliza kama ana mti. Akacheka. Mimi sikuweza.

Baiskeli hakupanda tena. Bodaboda nayo haikumbeba, mguu unatokea mbele kama nguzo, nani atapita naye? Akawa anakaa barazani, anaifuta baiskeli vumbi, anaijaza upepo, anaiegesha ukutani imetazama njia ya Naipingo. Dada yake alikuja mara moja, naye magoti yamechoka. Kumlaumu mtu hakulaumu. Afadhali angelaumu. Alikuwa anasema tu, "Mwenyeji, mpe mgeni maji, mguu wangu usio na kipato una kiu." Nacheka, halafu naenda jikoni kukoroga chungu kisicho na kitu.

Masika iliyopita akaondoka. Ndugu zake wakaja kumchukua, maana mwanaume anarudi kuzikwa kwao. Naipingo akafika, amelala kwenye pikapu, ule mguu umenyooka sawa na mwenzake.

Siku hizi naweza kuwaigizia wote, daktari, askari, jirani na kiazi chake. Watoto wakiniomba niigize babu na kengele yake, nawaambia koo linauma.

Nikiuza korosho napanda bodaboda naenda kumwona. Dada yake ananitandikia mkeka pale kaburini, ananiambia, "Karibu mgeni." Naweka mkono kifuani. Hapo ndipo sauti yake inanitoka yenyewe, bila kuiita: ahsante mwenyeji, sitakaa sana. Halafu nakaa. Namhesabia miti yake, ipi imezaa, ipi imekauka, mpaka bwana wa bodaboda anapiga honi mara ya tatu.