Siku Nilipofyeka Mpaka wa Mama

Kuna wamama kanisani mpaka leo wakiniona wanauliza, "Kimani, leo unafyeka shamba la nani?" na mimi nacheka nao, nitafanya nini, aibu ni yangu na niliitafuta mwenyewe.

Wacha niwaambie ilivyokuwa. Mama yangu anakaa Kamenu, nyumba ya kukodi, ghorofa ya tatu, na magoti yake yalikuwa yameanza kukataa ngazi. Marehemu baba alimwachia ploti huko nje ya Thika, mbali na nyaya za stima, na kila Jumapili Mama alikuwa na wimbo mmoja: "Kimani, nataka mlango wangu mwenyewe, na uwe chini." Sasa mimi ni fundi wa sofa hapa Mwihoko, nikajikaza, nikanunua ile betri ya sola ya kubeba, kubwa kama sanduku la nguo, na paneli zake za kukunja, unazianika juani inajaa, halafu inaendesha mashine ya kufyeka, msumeno, chochote unachotaka. Jameni, nilivyojivuna! Niliibeba hiyo betri vizuri kuliko nilivyowahi kubeba watoto wangu (mke wangu ndiye alisema hivyo, si mimi).

Jumamosi hiyo Mama alikuwa anakuja na wenzake wa kanisa kuiombea ploti kabla hatujachimba msingi. Akanipigia simu asubuhi: "Usiguse kitu mpaka nifike nikuonyeshe." Nikasema sawa, Mami. Halafu nikafika, jua linawaka, betri imejaa pomoni, nikajiambia, aah, si nianze tu kidogo, apate pakiwa safi? Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Mashine yenyewe haina mchezo, na nilikuwa nimechomeka na spika ya nyimbo za injili kwenye hiyo hiyo betri, basi vichaka chini, nyasi chini, nikaenda nikiimba, nikapita mstari wa majani mapana yaliyofunikwa na magugu, yakakatika laini kama sukuma wiki, sikusimama hata kuyaangalia, nikaendelea mpaka saa tano betri ikaisha na wimbo ukakatika katikati ya aleluya. Lakini mbele yangu kulikuwa na uwanja, walahi!

Mama akafika na wamama wake, vitambaa kichwani, wakaona ule uwanja wakapiga vigelegele. Tukashikana mikono pale katikati, Mama akaomba, akautaja mlango wake, akataja hadi dirisha la jikoni, wengine wakaanza kulia, na mimi pia nikalia, na nyuma yetu sauti ikasema "Amina!" kwa nguvu kutushinda sote. Kugeuka, ni jirani, Mama Gathoni, jembe begani.

"Asanteni kwa maombi," akasema. "Lakini hapa mmesimama ni kwangu. Na viazi vyangu vitamu viko wapi?"

Haiya! Nikaangalia chini. Nilikuwa nimekanyaga majani ya viazi.

Mama akauliza polepole, "Kimani, matoka yako wapi?"

Itoka ni lile jani pana ambalo sisi Wakikuyu hupanda kuonyesha mpaka, na hakuna mtu mwenye akili zake anayeligusa. Hayo matoka yalipandwa siku moja na baba yangu na marehemu mume wa Mama Gathoni, kila mtu upande wake. Na mnajua huku kwetu mpaka ukipotea ni kesi, na kesi ya shamba inaweza kumzeesha mtu kabla hajaweka jiwe la kwanza. Mama hakuwa na hiyo miaka ya kungoja. Nilimwangalia Mama Gathoni, midomo imekazwa, nikajua mlango wa mama yangu uko mikononi mwake.

Mama hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Alipiga magoti, yale yale magoti, akaanza kupapasa udongo kwa vidole.

"Mami, inuka, nitatafuta mimi."

"Wewe huoni," akasema.

Mama Gathoni akaweka jembe chini, akapiga magoti upande wake. "Yalianzia hapa kwa jiwe," akasema.

"La, mbele kidogo, pale mzee wako alijikata kidole."

"Na vile alilia!"

Wakacheka. Wakapata shina la kwanza chini ya udongo, zima kabisa, kumbe mashine ilikuwa imelinyoa tu. Wakafuata mstari, shina baada ya shina, wakisimulia habari za wale wazee wao wawili kama watu waliotoka kidogo kwenda dukani, na mimi nyuma yao narudisha udongo huku machozi yananitoka, na hiyo sioni haya kuisema.

Mstari ulipoonekana, tukaona pia kwamba karibu nguvu zote za betri zimeishia kwa jirani. Kwa Mama kulikuwa bado msitu. Mama Gathoni akanikabidhi panga lake. "Utamaliza na hili," akasema, "halafu uje unipandie viazi." Wamama wote wakakaa kivulini kunitazama.

Matoka yamechipuka. Tangu siku hiyo siwashi mashine mpaka Mama awe ameketi kwenye stuli yake akinionyesha kwa fimbo, kata hii, acha ile. Nyumba imesimama, na majuzi tulipachika mlango. Mama akaufungua, akaufunga, akaufungua tena, akatazama nje, yale matoka yalikuwa mbele yake moja kwa moja.

"Kimani, ni nani alikwambia mlango uangalie huku?"

"Ni wewe, Mami," nikamwambia. "Safari hii nilingoja ufike."