Fundi wa makochi aliyekosa mgeni kwa miaka minane

Saa mbili asubuhi, mlango wa karakana uko nusu wazi na Mama Springi tayari amepiga magoti mbele ya kochi la mteja. Anang'oa pini moja moja kwa bisibisi aliyoinoa ncha, anakunja kitambaa kilichochakaa, kisha anaingiza mkono hadi kiwiko kwenye upenyo kati ya kikalio na mgongo. Anatoa kifuniko cha kalamu, kibanio cha nywele, sarafu mbili na mfupa wa kuku.

"Hawa wanakula vizuri," anasema, bila kucheka.

Mfupa anautupa. Vingine anavitia kwenye bakuli la plastiki, na mteja akija kuchukua kochi lake atarudishiwa mali yake yote, sarafu zikiwemo. Kwa mama huyu, ukitaka kujua nyumba ina watu wangapi, wa umri gani na kama wanapatana, usiwaulize majirani. Muulize fundi wa makochi.

Ana miaka hamsini na moja. Ni mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, anayefanya kazi mji mwingine na kupiga simu kila Jumapili. Jina la Mama Springi alipewa na wateja, kwa sababu hakabidhi kazi kabla hajaikalia mwenyewe na kujirusha juu yake kama mtoto.

Jumamosi hii anahama. Benki imemkubalia mkopo mpya wa nyumba, jambo ambalo miaka minane iliyopita hata yeye asingemfanyia mtu wa aina yake.

"Nilikuwa nadaiwa mpaka nikisikia mtu anakohoa mlangoni, najificha jikoni," anasema.

Madeni yalianza na ugonjwa wa mumewe. Alipougua, nyumba ilikuwa bado kwenye mkopo wa benki, na karakana ilifungwa siku nyingi kuliko ilivyofunguliwa. Mama Springi akaenda kwenye kampuni ya mikopo ya haraka, akaweka rehani vyombo vyote vya ndani. Mume akafariki. Deni likabaki, tena lilikuwa na afya njema.

Kampuni ilipochoka kusubiri ilileta dalali, na vyombo vikanadiwa pale pale uani. Wanunuzi hawakutoka mbali. Friji lilikwenda nyumba ya kona, meza ya chakula ikaenda nyumba ya tatu, kabati likahamia kwa mwenye duka. Ilipofika zamu ya makochi, kochi kubwa na viti vyake viwili, aliyenyoosha mkono alikuwa jirani wa mkabala, muuguzi, rafiki yake wa kuombana chumvi.

Makochi yale aliyatengeneza mwenyewe mwaka alioolewa. Aliumia, na halifichi hilo. Vingine viende, anasema, lakini yule dada alijua. Jioni ile alijifungia ndani na hakumfungulia mtu.

Baada ya hapo mtaa ulimkwepa kwa adabu. Hakuna aliyemtukana wala kumcheka. Salamu zilikuwepo, za kazi na za hali ya hewa, tena kwa tabasamu. Ila hakuna aliyemwambia karibu ndani, na kwake hakuna aliyeingia.

Mwanzoni alidhani wanamdharau. Alichukua muda mrefu kuelewa kwamba wenye aibu walikuwa wao.

"Mtu aliyenunua friji lako hawezi kukukaribisha maji ya baridi," anasema. "Atakupa kwenye glasi huku anatazama chini. Kwa hiyo heri asikukaribishe."

Akaishi hivyo. Wanasema kinyozi hajinyoi, na fundi huyu wa makochi alikalia kiti cha plastiki sebuleni kwake. Alinunua viwili. Cha pili kilikaa dirishani mpaka jua likakipausha, bila mtu kukikalia. Jioni aliwasha redio, na msomaji wa habari akimaliza kwa kuwatakia wasikilizaji usiku mwema, yeye alimjibu. Upweke ulimla, na anausema kwa jina lake.

Wakati huohuo alikuwa akilipa, maana mnada haukulimaliza deni. Mwezi mzuri ulimletea seti tatu za makochi, mwezi mbaya moja. Theluthi ya kila malipo ilikwenda kwa kampuni, theluthi kwenye mkopo wa nyumba, na iliyobaki ndiyo aliyonunulia sponji, vitambaa na chakula, kwa mpangilio huo.

"Dawa ya deni kulipa, kila mtu anajua," anasema. "Wasichokuambia ni kwamba dawa yenyewe inanywewa miaka sita."

Alipomaliza deni la kampuni alianza kutafuta pa kuhamia, akapata nyumba ndogo upande wa pili wa mji. Mpango ulikuwa auze ya zamani, alipe kilichobaki, kisha akope kwa ajili ya mpya. Benki mbili zilimkatalia hata chai haijapoa. Jina lake lilikuwa bado kwenye kumbukumbu za wakopaji waliochelewa kulipa, na kila alipokwenda lilikuwa limemtangulia.

Ya tatu ilikuwa na afisa mikopo kijana, ambaye alimuuliza swali ambalo wenzake hawakuuliza: kwa nini mtu mwenye nyumba anayokaribia kumaliza kuilipia atake kuanza deni jingine?

"Nikamwambia, mwanangu, nataka kuishi mahali ambapo sikijui kiti cha mtu yeyote."

Kijana hakuandika jibu hilo popote, maana halina pa kuandikwa. Aliangalia malipo yake ya miaka yote tangu mnada, akaona hakuna mwezi aliouruka. Siku iliyofuata alikuja karakanani, akakaa kwenye kochi la mteja, akauliza bei ya kila kitu. Mkopo ukapita, ingawa kwa masharti ya mtu mwenye historia: atangulize karibu nusu ya bei, na riba yake iwe juu kidogo kuliko ya wengine. Atalipa kwa miaka kumi.

Watu walipoanza kuja kutazama nyumba inayouzwa, mtaa ukajua kwamba Mama Springi anaondoka. Wiki chache baadaye, wakati mauziano yamekwisha na mkopo umeshatiwa saini, mkokoteni ukasimama nje ya karakana ukiwa na kochi kubwa na viti viwili. Msukuma mkokoteni alisema yametoka kwa muuguzi, yanahitaji kitambaa kipya.

Aliyajua kabla hayajashushwa. Anasema alitaka kuyarudisha, kisha akajiambia kazi ni kazi, na bei atataja ile ile ya watu wote.

Akang'oa pini. Akaingiza mkono kwenye upenyo kama anavyofanya kila siku. Akatoa kifutio cha mwanawe kilichotafunwa pembeni, alichokitafuta mtoto yule mpaka akalia. Akatoa kifungo cha shati la mumewe. Akatafuta zaidi, kochi zima, viti vyote viwili. Hapakuwa na kingine. Hapakuwa na sarafu ya mtu, wala unywele, wala punje ya mchele.

"Nikakaa chini," anasema. "Miaka minane, nyumba ina watoto watatu, na hakuna aliyeyakalia hata siku moja."

Muuguzi alipokuja kuuliza kazi imefikia wapi, alimkuta amekishika kile kifungo. Mama Springi anayakumbuka maneno waliyoambiana, maana hayakuwa mengi.

"Dada, haya makochi hamkuyakalia?"

"Ningeyakaliaje, mdogo wangu? Niliyanunua nikuwekee. Jioni ile nilikuja kukuambia. Nikapiga hodi mara tatu, kimya. Nikasema huyu hataki kuniona."

"Nilikusikia. Nilikuwa nimekaa sakafuni. Sikuwa na kiti cha kukukaribisha."

Walilia, watu wazima wawili katikati ya vipande vya sponji. Muuguzi alieleza kwamba mwaka wa kwanza alingoja rafiki yake apate nafuu, wa pili akaona aibu kwa kuchelewa, na wa tatu akaogopa kuulizwa alikuwa wapi. Baada ya hapo akayafunika kwa shuka na kuzoea kupita pembeni, mpaka aliposikia rafiki yake anahama na kukosa njia nyingine ya kuyarudisha ila kama mteja.

Mwandishi alimuuliza Mama Springi kama aliwaza kubaki. Aliinama, akaokota pini sakafuni.

"Niliwaza," anasema. "Lakini nyumba imeshauzwa, mnunuzi ameleta hadi mapazia. Na mkopo si shati, useme limenibana narudisha. Miaka yote naomba kuondoka. Nimepewa, na siku hiyohiyo nimepata sababu ya kukaa."

Hajui kama wataonana mara kwa mara. Nyumba mpya iko mbali, na muuguzi anafanya kazi kwa zamu. Anaogopa kwamba ukimya waliouzoea utawarudia, na kwamba sebule mpya nayo itakuwa na redio tu.

Kochi kubwa na kiti kimoja vimesimama pembeni mwa karakana, vina kitambaa kipya cha kijani, vikisubiri kuhamishwa. Kiti cha pili hakipo. Muuguzi alitaka ayachukue yote, lakini Mama Springi alikibeba kimoja mwenyewe, akavuka nacho barabara na kukiweka sebuleni kwa rafiki yake. Amemwambia kiti hicho akipeleke kwa fundi yeyote kikichakaa, asikitoe tu.

"Akija kwangu, kochi lipo. Nikienda kwake, nina pa kukaa," anasema, akirudi kwenye kochi la mteja. "Hodi ni tatu, sawa. Mimi nitapiga na ya nne."