Protini Hazipunguzi Bei

Omena, dagaa wadogo wa ziwani, huvuliwa gizani, kwa taa. Kwa hivyo mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi wa Luanda Kotieno hulala nyumbani kama watu wengine. Asiyelala ni mimi mnunuzi. Miaka mingi nimesimama ufuoni kabla ya alfajiri kungoja mashua ya kwanza, mchana nikaanika samaki huku nasinzia. Mwezi ukija, mwili unakataa kugeuza zamu ya kulala. Nalala chali nikihesabu mbao za dari: kumi na saba. Narudia: kumi na saba. Mwili ukikubali kulala usiku, giza limesharudi, na kazi nayo.

Binti yangu, anayesomea biolojia hapo Kisumu, alinieleza siku moja tukichambua omena.

"Mama, kila seli yako ina saa. Kuna protini mbili zinawasha jeni fulani. Jeni hizo zinatengeneza protini nyingine, zinarundikana, zinaingia kwenye kiini cha seli na kuzizima zile mbili zilizoanzisha kazi. Halafu zinavunjwavunjwa pole pole. Zikiisha, kazi inaanza upya. Mzunguko mmoja ni karibu siku nzima."

"Kama soko," nikasema. "Omena ikijaa, bei inaanguka, watu wanaacha kuvua. Ikiisha, wanarudi ziwani."

"Ehe! Umeelewa kuliko darasa letu."

"Basi ziambie zinipunguzie. Nusu siku tu."

"Protini hazipunguzi bei, Mama. Mwanga wa asubuhi ndio unazisogeza, tena kidogo kidogo. Wewe unazivuta huku, mwezi ukija unazivuta kule. Utaanguka."

Nikamwambia apeleke masomo yake chuoni.

Giza liliporudi nilinunua karai nne za omena. Nilihesabu mara mbili, zikawa nne. Nikazimwaga kwenye nyavu kuukuu, nikaketi kando kuilinda dhidi ya mvua na kunguru. Kilichoniamsha ni maji usoni. Omena ilikuwa imelowa hadi ya chini kabisa, na kesho yake ilinuka. Mfugaji mmoja wa Awasi aliichukua akawape kuku, kwa bei yake mwenyewe. Hiyo bei ndiyo iliyoniuma kuliko mvua: sikuwa na nguvu ya kuibishia.

Nikamwendea mvuvi ninayenunua kwake.

"Kuanzia sasa nitakuja jua likishatoka."

"Mama, saa hiyo utapata mabaki."

"Mabaki yakianikwa na mtu aliye macho, ni mali."

"Umezeeka, Mama?"

"Ni seli."

Alicheka sana. Lakini niliporudi asubuhi ya pili, mahali pangu pa mbele palikuwa na mama mwingine, karai zake zimeshajaa. Nilitazama mara mbili. Palikuwa pake.

Siku hizi nakunywa chai nje, uso kwenye jua, ndipo niteremke kuchukua mabaki. Usiku bado nahesabu mbao. Jana nilifika ya tisa. Sikurudia.