Nyota Mbele ya Neno

Nyumbani tunamwita Bi Wawili. Dada yangu amemaliza ujana wake akitafuta asili ya viishio vya uwili katika lugha mama ya lugha nyingi za Ulaya na India, lugha iliyokufa bila kuandikwa. Mwishoni mwa neno ilikuwa na kiishio cha kitu kimoja, cha vingi, na kingine cha viwili tu, kama macho. Hicho cha viwili kilitoka wapi? Mimi ni fundi cherehani. Suruali ina miguu miwili na sijawahi kuiuliza ilikoitoa.

Sheria yao moja ninaijua: neno la kukisia, ambalo hakuna aliyeliona limeandikwa, lazima litanguliwe na alama ya nyota.

Asubuhi ya kutetea tasnifu yake nilimkuta kwenye korido ya chuo, uso umemshuka, simu mkononi. Makumbusho walikuwa wamemtumia picha ya jiwe la kale, lenye maandishi ya lugha mojawapo iliyozaliwa na hiyo mama. Sura yake ya tatu nzima ilisimama juu ya neno moja la jiwe hilo, alilolitoa katika kitabu cha profesa wake, bila nyota. Kwenye picha, jiwe limevunjika pale pale mwisho wa neno. Kiishio hakipo. Profesa alikijaza mwenyewe.

"Nyamaza zako," nilimwambia. "Mzee anastaafu, na wewe unataka shahada. Nani atajua?"

"Nitajua mimi, mdogo wangu."

"Basi mwambie baadaye, kando."

Aliingia ukumbini, nami nikamfuata. Ndani, profesa alikaa pembeni ya watahini akitabasamu kama baba wa bibi harusi. Walipofika sura ya tatu, dada aliitafuta ile picha kwenye simu. Kisha akainuka, akaiweka simu mbele ya profesa.

"Mzee wangu, neno hili linahitaji nyota."

Dakika ile nilimchukia, sifichi. Profesa alivua miwani, akaitazama picha mpaka kioo cha simu kikazima. Akaomba simu iwashwe tena.

"Nilikuwa na uhakika mno," alisema, "hata nikasahau kwamba sikuliona."

Shahada haikutoka siku ile. Watahini walimrudisha akaiandike upya sura. Tulikuwa tumefika ngazini, dada analia, profesa alipotufikia akihema.

"Utakapoandika, usinifiche," alimwambia. "Taja jina langu kamili, useme nilikosea. Mwingine asije akajenga juu ya jiwe lile."